Jembe la Nani? Nikisoma Montessori kuhusu Vijana

Nilikisoma kitabu hiki kwa kulazimika, siwafichi. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nilikuwa najiandaa kwa mafunzo ya awali ya kufundisha vijana kwa njia ya Montessori, na kwenye mafunzo ya aina hiyo huwezi kumkwepa Maria Montessori wa *De l'enfant à l'adolescent*, kilichotoka kwa Kifaransa mwaka 1948. Nimekisoma kwa tafsiri ya Kiingereza. Ni kijitabu chembamba. Sehemu ya mtoto wa miaka 7 hadi 12 inasomeka vizuri, basi.

Moto uko nyuma, kwenye kiambatisho anachokiita Erdkinder, neno la Kijerumani, yaani watoto wa ardhi. Hapo Montessori anapendekeza kijana wa miaka 12 na kuendelea atolewe mjini na nyumbani, akaishi shambani na wenzake. Walime, wafuge, waendeshe duka la kuuzia mazao yao na nyumba ya kupokea wageni. Masomo ya darasani yapunguziwe uzito, kwa kuwa mwili wa umri huu, anasema daktari huyu, ni dhaifu karibu kama wa mtoto mchanga.

Jamani, nilicheka. Nilikosoma mimi, jembe lilikuwa adhabu. Umechelewa namba, unalima. Umeongea kilugha, unalima. Mahindi tuliyalima sisi, na mpaka namaliza kidato cha nne sikuwahi kujua yaliuzwa shilingi ngapi wala nani alizila.

Lakini nikarudi kwenye lile duka, na kicheko kikaisha. Kwa Montessori shamba si la kumtengeneza mkulima. Kijana anauza, anapanga bei, anashika daftari la hesabu, na hapo ndipo anapogundua jamii inavyosimama: nani anazalisha, nani ananunua, nani anamtegemea nani. Nyerere naye, katika *Elimu ya Kujitegemea* ya mwaka 1967, alitaka wanafunzi washiriki kuamua mapato ya shamba lao yatumikeje. Sisi tulichukua jembe, daftari tukaliacha ofisini.

Kama maandishi, kiambatisho kina kasoro kubwa: hakuna kijana hata mmoja ndani yake. Vitabu vyake vya awali vilitokana na watoto aliowaona kwa macho huko San Lorenzo, Roma, alipofungua nyumba ya watoto mwaka 1907, na unawasikia wakipumua. Hapa unasoma mpango. Shule ya namna hii yeye mwenyewe hakuwahi kuiendesha, na inaonekana: hakuna anayegoma kuamka alfajiri, hakuna anayeiba mayai, hakuna aliyependa binti wa darasa la pili yake. Kila mtu anafanya kazi kwa utulivu ambao mimi, kwa miaka yangu kazini, sijauona.

Bado nakipendekeza, hasa kwa walimu, na hasa kurasa zinazowahusu watu wazima. Anataka mume na mke wa kuitunza nyumba, mafundi wa kilimo, biashara na kazi za mikono, na walimu, baadhi yao wakiishi humohumo na vijana, si kuja tu na chaki saa mbili na kuondoka saa tisa. Mimi nina watoto wawili na nyumba ya kupanga. Kurasa hizo nimezisoma mara tatu.