Makala Yasiyopatikana na Dai la Pengo: Uhakiki wa Huduma za Kuagiza Makala katika Utafiti wa Kiswahili

Katika tasnifu nyingi za Kiswahili, mapitio ya kazi tangulizi huhitimishwa kwa dai kwamba hakuna mtafiti aliyewahi kulishughulikia suala linalochunguzwa. Dai hilo ni zito, kwa kuwa ndilo linaloipa tasnifu sababu ya kuandikwa. Hata hivyo, ni nadra mtafiti kubainisha iwapo alizisoma kazi zote zinazohusika au alizisoma zile tu alizoweza kuzifikia. Tofauti baina ya hali hizo mbili, kwa kiasi kikubwa, huamuliwa na huduma za maktaba zinazopokea maagizo kwa njia ya mtandao na kumpelekea msomaji nakala ya makala moja. Makala haya yanazihakiki huduma hizo kwa upande wa mtafiti wa fasihi na isimu ya Kiswahili. Hoja yake ni kwamba huduma hizo humfaa yule anayejua kwa usahihi anachokiagiza, ilhali marejeleo tunayorithishana hayampi mtafiti ujuzi huo.

Mfano ulio maarufu zaidi ni ule wa British Library. Ghala lake la Boston Spa, huko Yorkshire, lilianza kuazimisha machapisho ya sayansi na teknolojia mwaka 1962, kabla ya British Library yenyewe kuundwa mwaka 1973. Ujerumani nako kuna subito, huduma inayoziunganisha maktaba za utafiti chini ya fomu moja ya maagizo. Utaratibu haupishani sana. Mwagizaji hujaza jina la jarida, mwaka, juzuu, toleo na kurasa. Mtumishi huliendea rafu, huziskani kurasa hizo na kutuma faili. Mtumishi huyo hahitaji kujua makala yanahusu nini, na kwa sababu hiyo hawezi kumsahihisha mwagizaji aliyekosea. Agizo lenye mwaka usiolingana na juzuu hurudishwa likiwa na jibu kwamba makala hayakuonekana. Jibu hilo ni la kweli kuhusu rafu, lakini mtafiti hulisoma kana kwamba ni la kweli kuhusu taaluma.

Taaluma ya Kiswahili huathirika kuliko nyingine nyingi katika hatua hii. Jarida linaloitwa leo *Kiswahili* lilianza mwaka 1930 kama taarifa ya kamati ya lugha iliyoundwa kusanifisha Kiswahili katika Afrika Mashariki. Kamati hiyo ilihamia Nairobi, kisha Makerere na Mombasa, kabla ya kuingizwa katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam mwaka 1964. Jarida nalo lilibadilika pamoja nayo: *Bulletin*, kisha *Journal* ya kamati, kisha *Swahili*, na hatimaye *Kiswahili*. Katika katalogi za Ulaya kila jina lina rekodi yake. Mwanafunzi anayeagiza makala ya miaka ya 1930 kwa jina la *Kiswahili*, kwa kuwa ndivyo alivyolikuta katika tasnifu ya mwenzake, ataambiwa kuwa maktaba haina jarida hilo kwa mwaka huo. Kumbe lipo, hatua chache tu kutoka hapo rafuni.

Kuna mkanganyiko mwingine ambao hugharimu fedha. *Swahili Forum* ilipoanza mwaka 1994 ilitolewa ndani ya mfululizo wa *Afrikanistische Arbeitspapiere* wa Köln. Toleo lake la kwanza ni namba 37 ya mfululizo huo, na la pili ni namba 42. Kwa hiyo makala yaleyale hurejelewa na wengine kama AAP 37 na wengine kama Swahili Forum I. Asiyejua kwamba majina hayo mawili ni ya kitu kimoja anaweza kulipia nakala ya makala ambayo yamewekwa mtandaoni bila malipo kwa jina la pili. Kosa hilo haliwezi kulaumiwa kwa maktaba toaji. Ni la marejeleo yetu, na watahini huliacha lipite kwa sababu mpangilio wa koma na nukta uko sawa.

Suala la sheria linahitaji kutazamwa kwa makini zaidi, maana linaugusa uhakiki wenyewe. Sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1988, kama ilivyorekebishwa mwaka 2014, inamruhusu mkutubi kumpa msomaji nakala moja ya makala moja tu kutoka katika toleo lolote la jarida, kwa utafiti usio wa kibiashara. Mhakiki wa ushairi wa Kiswahili hupata hasara mahsusi hapa. Mgogoro wa mashairi huru, uliopamba moto baada ya Kezilahabi kuchapisha *Kichomi* mwaka 1974, haukuwa na maandishi yanayojitegemea. Ulikuwa majibizano: hoja, jibu, na jibu la jibu, katika vitabu, magazeti na majarida. Anayepata kipande kimoja cha majibizano ya namna hiyo humsikia msemaji bila kumsikia anayesemeshwa, na kejeli inayomlenga mtu fulani huichukua kama nadharia ya jumla. Naona kwamba baadhi ya ukali tunaouhusisha na wanamapokeo katika tasnifu zetu umetokana na usomaji wa namna hii.

Sheria hiyohiyo humtaka mwombaji atamke kwa maandishi kwamba hatampa mtu mwingine nakala hiyo, na kwamba, kwa kadiri ajuavyo, hakuna anayesoma au kufanya kazi naye aliyeomba kitu hichohicho wakati huo kwa lengo hilohilo. Sharti hilo humbana mwanafunzi aliye London. Aliye Dodoma au Zanzibar, kwa kawaida, hutegemea leseni za wachapishaji na ada zake. Lakini matokeo hufanana: nakala humhudumia mtu mmoja, na mwanafunzi wa mwaka unaofuata huanza upya. Huenda anachokiagiza kimo katika mkusanyo wa East Africana wa Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mahali panapostahili kuulizwa kwanza.

Mtahini anaweza kudai jambo dogo: sura ya mbinu itaje kazi zilizoagizwa, zilikoagizwa, tarehe, na zile ambazo hazikufika. Mwezi Oktoba 2023 mifumo ya British Library ilishambuliwa kimtandao, na huduma zake, ikiwamo ile ya kuagiza makala, zilivurugika kwa miezi kadhaa. Tasnifu zilizoandikwa kipindi hicho zinaweza kuwa na mapengo ambayo chanzo chake ni mfumo wa kompyuta uliozimwa, na pasipo kumbukumbu ya maagizo, msomaji wa baadaye hatakuwa na njia ya kuyatambua.