Nyoka ni Nani? Kuisoma "Gamba la Nyoka" Kutoka Buha

Kila ikifika zamu ya Gamba la Nyoka kwenye semina, jibu huwa tayari mdomoni: nyoka ni jamii ya zamani, gamba ni mabadiliko ya juujuu, na wanakijiji wanaokataa kuhamia kijiji cha Ujamaa "hawana mwamko". Basi, alama zimepatikana, twende zetu chai. Mimi nasema jibu hilo linamwonea mwanakijiji na kuipunja riwaya yenyewe. Naomba tuisome tena tukiwa tumesimama kwingine, si Ukerewe alikozaliwa Euphrase Kezilahabi, bali Buha, kwenye milima ya Kasulu na Kibondo.

Kwa nini huko? Kwa sababu kule watu walihamishwa mara mbili. Kwanza, kuanzia 1933, serikali ya Mwingereza iliwatoa watu kwenye kaya zao zilizotawanyika ikawakusanya pamoja ili kuwanusuru na malale. Malale yalikuwepo kweli, na mbung'o walikuwepo kweli. Tusijifanye wajanja kuliko historia. Lakini aliyeiacha migomba yake na makaburi ya wazee wake hakuulizwa. Mara ya pili ilikuwa Operesheni Kigoma, 1972, chini ya serikali yake mwenyewe. Safari hii sababu zilikuwa shule, maji na zahanati. Mwanahistoria Julie Weiskopf ameziandika hamahama hizo kama historia moja, 1933 hadi 1975, na nadhani ana haki. Hebu piga hesabu: kijana aliyejitwika mzigo 1933 akiwa na miaka 15 alikuwa na 54 aliposikia tena "hameni".

Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mzee huyo akisitasita, ndiyo tumwite hana mwamko?

Hapo jina la riwaya linageuka mkononi. Kwa msomaji wa Buha nyoka anaweza kuwa serikali: gamba la mkoloni limevuliwa, mwili ni uleule. Tafsiri hiyo inavutia, lakini siimezi nzima. TANU haikuwa Mwingereza. Watu waliipigania, wengi waliipenda, na ndiyo maana mambo yakauma. Mkoloni hakuwa na imani ya mwananchi ya kupoteza. Mwalimu alikuwa nayo, tena tele. Katika Uhuru na Maendeleo, Oktoba 1968, alieleza wazi kwamba mtu hawezi kulazimishwa kuingia kijiji cha Ujamaa. Novemba 1973 ikatangazwa kuwa kuishi vijijini sasa ni amri, kazi iishe kabla ya mwisho wa 1976. Na Kigoma, jamani, operesheni ilitangulia hata hiyo amri! Neno la 1968 lilikuwa bado halijafutwa, na kaya zimeshaanza kusogezwa.

Riwaya ilitoka 1979, vumbi halijatua vizuri. Nguvu yake kwangu ni kwamba kejeli haichagui upande. Padri Madevu anayepinga Ujamaa hasalimiki, na hata vijana wasomi, Mambosasa na Mamboleo, hatuletewi kama malaika. Ndiyo maana mhakiki anayetafuta "mhusika bora" wa kumpa taji anahangaika. Tumezoea kuiweka imani ya umma kwa serikali kwenye fungu la dhamira, tunaipigia mstari, tunahamia kwenye tamathali za semali. Kumbe hapa imani imo ndani ya fani. Swali ni neno la kiongozi lina uzito gani likimfikia msikilizaji, na kejeli huota palepale neno na tendo vinapoachana. Hotuba ileile ingesomwa 1961 isingechekesha mtu.

Nina lawama moja kwa mwandishi. Wasomi wamepewa nafasi ya kutosha ya kujadili nchi inakwenda wapi. Mkulima ningetamani apewe nafasi kama hiyo ya kujenga hoja, si kukataa tu. Ana hoja. Kule Buha hoja hiyo ingehitaji tarehe mbili tu, 1933 na 1972, na babu yeyote angeweza kuitoa bila kufungua kitabu. Tunapomwandikia kwenye karatasi ya mtihani kwamba hana mwamko, tunamsemea kwa sauti ya bwana shauri na ya katibu tarafa kwa pamoja, na wote wawili walikuja kwake na lori la maneno.