Kokoto za Kunduchi, Ushahidi wa Arusha

Arusha imezoea kamera. Alfajiri magari ya watalii yanapoondoka kuelekea Ngorongoro na Serengeti, ndani yake mna lenzi ndefu kuliko mkono wa mtu mzima. Hollywood nayo ilishapita huku: Momella, chini ya Mlima Meru, imo ndani ya Hatari! ya mwaka 1962, John Wayne na wenzake wakiwakimbiza wanyama kwa magari. Inachekesha na inapendeza, sibishi. Ila ukiitazama leo unaona wazi jicho lake lilielekea wapi. Faru anakaribiwa mpaka unahesabu mikunjo ya ngozi yake. Mwenyeji anapita nyuma akiwa na kamba mkononi.

Ndiyo maana kijana wa Themi akiniambia anataka kutengeneza filamu za hali halisi, simwanzishi na simba. Namwanzisha na kokoto.

Mwaka 1992 Mtanzania Flora M'mbugu-Schelling alitoa These Hands, filamu ya dakika 45. Mahali ni machimbo ya mawe ya Kunduchi, Dar es Salaam. Watu ni wanawake, wengi wao wakimbizi kutoka Msumbiji, wanaogonga mawe kwa mkono mpaka yawe kokoto za ujenzi. Basi. Hakuna msimulizi, wala mtaalamu aliyeketi mbele ya kabati la vitabu kutufafanulia umaskini. Kuna nyundo, jua, watoto kando ya mama zao, nyimbo, halafu nyundo tena.

Anayeitazama kwa mara ya kwanza huanza kuhangaika kwenye kiti. Anaingoja ile sauti nzito ya kiume iliyotulea kwenye makala za televisheni, ije imwambie awaze nini. Haiji. Baada ya muda sikio linaanza kufanya kazi lenyewe: linatofautisha pigo la jiwe kubwa na pigo la kokoto iliyokaribia kuwa saizi. Jicho nalo linaacha kutafuta tukio na kuanza kutazama vidole. Mtazamaji anaanza kujiuliza mwenyewe nguzo za nyumba yake zimekula mikono ya nani. Angeelezwa kwa takwimu angesikitika kidogo na kwenda kulala.

Hapo ndipo ninapoona ufundi mkubwa wa M'mbugu-Schelling. Alikuwa na la kusema, maana hakuna anayeweka kamera machimboni kwa bahati mbaya, lakini aliwaachia wenye kazi nafasi yote ya picha na sauti. Oktoba ya mwaka uleule mkataba wa amani ya Msumbiji ulitiwa saini Roma, baada ya vita vya miaka kama kumi na mitano. Kwenye filamu hakuna bunduki hata moja, lakini vita vimo: ndivyo vilivyowafikisha wengi wao Kunduchi.

Na kazi hiyo ilifanywa lini? Wakati Tanzania Bara haina kituo hata kimoja cha televisheni. Zanzibar ilikuwa na yake tangu miaka ya 1970. Bara tulingoja mpaka ITV ilipoanza mwaka 1994. Kumekucha, filamu ya M'mbugu-Schelling ya mwaka 1987 kuhusu wanawake wa Tanzania na kazi zao, ilizaliwa katika ukame huohuo. Kutengeneza filamu juu ya wanawake wa nchi yako, ukijua majirani zao hawana mahali pa kuiona sebuleni, kunahitaji ukaidi wa namna yake.

Hata hivyo kunyamaza si kanuni. Kuna watu ambao haki yao ni kusema, na mfano ninaoujua unahusu mji wetu. Katika jengo la kituo cha mikutano cha AICC, Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda ilimsikiliza Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba. Wanawake wa Taba walisafiri mpaka Arusha kutoa ushahidi, wakitambulishwa kwa herufi tu ili walindwe. Tarehe 2 Septemba 1998 alitiwa hatiani kwa mauaji ya kimbari, na kwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa ikatamka kwamba ubakaji unaweza kuwa sehemu ya uhalifu huo. Wangapi kati yetu tuliokuwa tukipita nje ya jengo lile tulijua ni nani waliokuwa ndani?

Mmarekani Michele Mitchell, pamoja na Nick Louvel, waliirudia habari hiyo katika The Uncondemned ya mwaka 2015. Louvel alifariki kwa ajali ya gari kabla filamu haijaanza kuoneshwa. Ndani yake baadhi ya wanawake wale wanaketi mbele ya kamera nyuso wazi, wanasimulia, hata wanacheka. Walioamua kutoka nyuma ya herufi ni wao, na uamuzi kama huo hauombwi kwa haraka wala haununuliwi kwa posho.

Muda wa kuungoja uamuzi huo hutafutwa na mtayarishaji, lakini watu husifu waongozaji na kuwasahau watayarishaji, kwa kuwa kazi ya mtayarishaji haionekani kwenye skrini. Toni Kamau wa Kenya alikuwa mtayarishaji wa Softie, iliyoongozwa na Sam Soko na kumfuata mwanaharakati Boniface Mwangi kwa miaka kadhaa. Mwaka 2020 ikapata tuzo ya uhariri huko Sundance. Miaka ile yote kuna mtu aliyekuwa akitafuta fedha za kuendelea. Judy Kibinge, mwongozaji mwenyewe, alilijua tatizo hilo kiasi cha kuanzisha Docubox jijini Nairobi, mfuko wa kusaidia filamu za aina hii Afrika Mashariki.

Huku kwetu mtayarishaji huanza na kibali cha Bodi ya Filamu, kisha barua kwa mwenyekiti wa kijiji, kisha chai nyingi. Anaketi na mama wa kwenye filamu, anamweleza picha zitaoneshwa wapi na nani ataziona, naye anapewa nafasi ya kukataa, hata kesho yake. Kisha anarudi kwenye bajeti. Mfadhili akiuliza siku zile za mwanzo, ambazo kamera haikutolewa kwenye begi, zililipiwa kwa ajili ya nini, yeye ndiye atakayetafuta maneno ya kumjibu.