Kukagua Jiko la Nyumba ya Uani

Fundi akimaliza nyumba ya uani, jambo la kwanza analotaka ulione jikoni ni kabati: milango inang'aa, vishikio vina rangi ya fedha, taa ndogo imefichwa chini ya rafu. Mwache amalize kusifu kazi yake, kisha agiza sufuria kubwa kuliko zote kutoka nyumba kubwa. Iingize kwenye sinki. Kama haiingii mpaka uilaze ubavu, na maji yanarukia ukutani, aliyechora jiko hilo alifikiria picha, hakufikiria pilau.

Nazungumzia zile nyumba za chumba na sebule zinazojengwa nyuma ya nyumba kubwa katika viwanja vya Dar es Salaam, kwa ajili ya mama mzazi, kijana aliyeanza kazi, au mpangaji. Jiko lake likipata mita mbili kwa mbili na nusu, limebahatika. Katika nafasi hiyo mchoraji stadi utamtambua kwa vitu alivyothubutu kuviacha nje.

Jiko dogo lililosifiwa kuliko yote duniani halikuwa na njia hiyo ya kuacha vitu nje. Mwaka 1926 msanifu Margarete Schütte-Lihotzky alilichorea jiji la Frankfurt, Ujerumani, jiko la mita 1.9 kwa 3.4, akichukua mfano kwenye majiko ya mabehewa ya treni. Takriban 10,000 yalijengwa. Dro za unga zilikuwa za mwaloni ili wadudu wasiingie, na ubao wa kupigia pasi ulikunjwa ukutani. Jiko lile ni shule kamili ya kupunguza hatua za mpishi, lakini lilikusudiwa mtu mmoja aliyejifungia ndani. Kwetu mmoja anachambua mchicha, mwingine anakuna nazi, mtoto anaulizia chai. Huwezi kuwabana wote hao kwenye mita tano za mraba, na huna sababu, kwa kuwa uani upo.

Kwa hiyo anza na mlango. Jiko zuri la uani hufungukia nje moja kwa moja, wala halikulazimishi kupita sebuleni na beseni la maji machafu. Nje ya mlango huo pawe na kibaraza chenye paa, mahali pa jiko la mkaa na mbuzi ya nazi. Mkaa usiwashwe ndani kamwe. Moshi wake una sumu isiyoonekana wala kunuka. Karibu na hapo pawe na karo na kichanja cha vyombo. Kichanja kikiwa juani, sahani hukauka zenyewe na ile nusu mita ambayo kikaushio hula juu ya meza inarudi kwa mpishi. Nikikuta jiko dogo lenye kikaushio kikubwa ndani na uani hauna kichanja, najua kazi ya nje haikufikiriwa.

Ndani, kipimo changu kikubwa ni ugali. Meza ya zege kwa kawaida hujengwa kwa kimo cha sentimita 85 hadi 90, na kwa kukatia vitunguu kimo hicho kinatosha. Lakini weka juu yake jiko la gesi la plate mbili, na juu ya plate sufuria: mdomo wa sufuria sasa umepita mita moja, karibu na kifua cha mama wa kimo cha wastani. Ugali hausongwi kiwiko kikiwa hewani. Mwiko unataka uzito wa bega ushuke nao. Mchoraji anayejua kusonga atakishusha kipande kile cha meza kinachobeba jiko la gesi mpaka sentimita 65 au 70, na upande mmoja ataacha ukuta wa kuzuia sufuria isiteleze. Ni majiko machache mno yaliyofanya hivyo, na nikiliona moja humuuliza fundi nani alimwelekeza. Jibu huwa ni mwanamke fulani aliyesimama pale na futi kamba.

Kati ya sinki na jiko la gesi pabaki walau sentimita 60 za meza tupu. Pungufu ya hapo, ubao wa kukatia utaishia juu ya sinki.

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka na kutambaa sakafuni. Matundu ya juu karibu na dari yanasaidia kutoa mvuke na joto, ila kwa gesi hayafai kitu. Tafuta tundu la chini kabisa la ukuta. Mtungi wenyewe ukae nje kwenye kizimba chenye hewa, mbali na mdomo wa mtaro, mpira ukipita ukutani ndani ya kipande cha bomba. Paka povu la sabuni kwenye maungio. Mapovu yakifura, mrudishe fundi.

Kuhusu upepo, Dar es Salaam ina utaratibu: kaskazi hutoka kaskazini mashariki, kusi hutoka kusini mashariki. Jiko likiwa upande wa magharibi wa nyumba, harufu ya samaki haiendi kitandani. Gharama yake ni jua la alasiri, basi dirisha lake lipewe kivuli cha zege au mti.

Vifaa havihitaji maneno mengi. MDF chini ya sinki ni hasara iliyoahirishwa. Bonyeza pembe kwa dole gumba, ikizama imeshakunywa maji. Mninga ni bora, marine board inatosha ikiwa kingo zimefungwa vizuri. Kabati linyanyuliwe sentimita 10 juu ya sakafu, maana tunadeki kwa maji. Karibu na bahari, kama Kigamboni na Mbezi Beach, bawaba ziwe za chuma kisichoshika kutu. Vuta dro mpaka mwisho, ikandamize. Ikiinama, ijaribu na sahani uone aibu.

Milango ya kabati isipokuwepo nasamehe. Pazia la kitenge huficha vilevile na kupitisha hewa. Rangi nasamehe, hata ile ya njano inayopendwa na mafundi rangi. Chemba ya maji machafu iliyofunikwa na vigae, ambayo siku ya kuziba itabidi sakafu ivunjwe, siisamehe: malipo ya mwisho yanangoja mpaka mfuniko wake uonekane na ufunguke kwa mkono.