Kuizunguka Iceland kwa Gari la Kulala: Panga kwa Upepo

Barabara Namba 1 ya Iceland ina urefu wa kilomita 1,320 hivi na inakizunguka kisiwa kizima. Umbali huo unakaribiana na kutoka Dar es Salaam hadi Arusha na kurudi, na leo njia yote ina lami. Ndiyo maana wengi wanaokodi gari lenye kitanda na jiko hugawanya kilomita kwa siku walizonazo, wakaona kazi imekwisha. Kwa maoni yangu, hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote katika safari hii. Kinachoamua siku ya dereva pale ni upepo.

Tazama jinsi barabara yenyewe ilivyopatikana. Mzunguko ulikamilika mwaka 1974 tu, lilipofunguliwa daraja la mto Skeiðará upande wa kusini, kwenye uwanda wa mchanga mweusi unaopokea maji ya barafu ya Vatnajökull. Chini ya barafu hiyo kuna volkano. Mwaka 1996 moja ililipuka na kuyeyusha barafu, na mwezi Novemba gharika ikashuka ikiwa na mapande ya barafu makubwa kama nyumba, ikabomoa sehemu ya daraja. Vyuma vyake vilivyopindika vimewekwa kando ya barabara hadi leo, na kila msafiri anavipita.

Uwanda huohuo hauna mti wa kuzuia upepo. Gari la kulala nalo lina kimo kirefu na ubavu bapa, kwa hiyo husukumwa kirahisi, na mchanga ukiruka hukwangua rangi na vioo. Sehemu zenye sifa mbaya zimewekewa mbao za umeme zinazoonyesha kasi ya upepo kwa mita kwa sekunde. Ukifika 15, dereva wa gari refu apunguze mwendo na kushika usukani kwa mikono miwili. Ukifika 20, atafute pa kuegesha. Aangalie pia kasi ya dharuba za ghafla, kwa kuwa hizo ndizo zinazolitoa gari barabarani.

Hata kushuka kuna utaratibu wake. Egesha pua ya gari ikiukabili upepo, ufungue mlango mmoja tu kwa wakati, huku umeushika kwa mikono miwili. Upepo ukitoka nyuma huunyakua mlango na kuukunja kwenye bawaba, na bima nyingi za magari ya kukodi hazilipi uharibifu huo.

Mwelekeo wa kuzunguka usiamuliwe nyumbani. Upepo wa kusini unapoleta mvua pwani ya kusini, milima na barafu za katikati mara nyingi huiacha kaskazini ikiwa kavu. Wa kaskazini ukivuma, mambo hugeuka. Soma utabiri asubuhi ya kuondoka, kisha uelekee upande wenye nafuu. Faida ya kulala garini ni hiyo hasa: hakuna hoteli inayokusubiri.

Uhuru huo una mpaka. Nje ya kambi rasmi hairuhusiwi kulala garini bila idhini ya mwenye ardhi, na kambi nyingi hufungwa msimu wa baridi. Orodhesha kwanza zilizo wazi, ndipo uchore vituo.

Usiku, joto hutoka kwenye hita inayochoma dizeli kidogo ya gari, huku feni yake ikitumia betri ya pili. Betri hiyo huchajiwa gari likitembea, kwa hiyo ukikaa siku nzima kambini ukingoja dhoruba ipite, uzime taa na vifaa usivyovihitaji. Jikoni, chunguza mtungi. Gesi ya buteni huacha kugeuka mvuke joto linapokaribia nyuzi sifuri, na jiko hufifia hata kama mtungi umejaa. Mtungi wenye propeni huwaka bila shida. Acha tundu la hewa wazi hata kukiwa na baridi kali. Linatoa sumu ya moshi wa jiko, na pia unyevu wa pumzi unaolowesha magodoro.

Mengine ni mepesi. Magari hupita kulia. Kwenye daraja la njia moja, aliye karibu zaidi hutangulia. Njia zenye herufi F ni za magari ya magurudumu manne yanayovuta, kwa hiyo gari la kawaida lisithubutu. Jaza tangi mjini Egilsstaðir kabla ya kuelekea ziwa la Mývatn, maana ni zaidi ya kilomita 150 za nyika.

Kuzunguka kisiwa chote kunataka siku kumi, mbili kati yake zikiwa za akiba kwa ajili ya dhoruba. Mwenye wiki moja aende kusini hadi ziwa la barafu la Jökulsárlón, kisha arudi Reykjavík kwa njia ileile.