Malipo ya mangaribi: tusitume liste yote tena

Wandugu, tuongee wazi. Pa Lusangi, mradi moja ulikuwa unalipa walimaji wa mpunga kwa telefone. Mchana tunapima magunia. Mangaribi programu inatuma malipo yote pamoja kupitia API, ni kusema mlango ambao programu moja inapitia kuongea na ingine. Siku moja rezo ikakatika katikati. Mkubwa wa kazi akasema: "Tumeni liste yote tena." Asubuhi, wengine walikuwa wamelipwa mara mbili, na mama moja wa mwisho wa liste hakupata hata franga. Akiba ilikuwa imeisha.

Wote wakalaumu rezo. Mimi nakataa. Kwetu rezo kukatika ni kama mvua: unaijua, unajipanga. Kosa lilikuwa hili: kukosa jibu si kusema malipo yamekataliwa. Mara ingine pesa imefika, jibu njo limepotea njiani.

Dawa inajulikana. Kila malipo yapewe namba yake, isiyobadilika hata ukituma tena. Mbele ya kurudilia, uliza hali ya kila namba. API ya M-Pesa ya Safaricom, kule Kenya, inaruhusu ulizo hilo. Kisha utume zile tu ambazo hazikulipwa.

Sisi wa kilimo tunajua: mvua ikikatisha kupanda, haurudi ku mstari wa kwanza. Unatafuta mahali mbegu iliishia.