Aliyesoma Naye: Shule na Urafiki katika Kichwamaji

Huku pwani jina la Euphrase Kezilahabi lilitangulizwa na ugomvi. Kichomi ilipotoka mwaka 1974, mashairi yake yasiyofuata vina na mizani yaliwaudhi wengi, na ubishi ule ukarefuka hata ukazifunika kazi zake nyingine. Mwaka huo huo ilitoka riwaya ya Kichwamaji. Mpenzi wa ushairi aliyeipita kwa hasira za mizani amejidhulumu nafsi yake.

Kezilahabi, aliyefariki Januari 2020, alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, akasoma seminari ya Nyegezi, kando ya ziwa, jirani na mji wa Mwanza, kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mtoto wa kisiwa, basi, aliyevuka maji kuifuata elimu. Mpemba aliyepanda meli na sanduku lake kwenda kusoma Unguja hahitaji kuelezwa zaidi. Safari hiyo aliipa Rosa pia, katika Rosa Mistika (1971): binti wa Ukerewe anayepelekwa Mwanza kusoma shule ya wasichana ya Rosary. Nyumbani alilindwa kwa fimbo ya baba. Bwenini fimbo haikumfikia, wala hapakuwa na aliyemfunza kujilinda mwenyewe. Kitabu hicho kilipigwa marufuku mashuleni kwa muda. Yaani walikatazwa kukisoma wale wale kinaowahusu.

Ila jambo la marafiki wa shule limo hasa katika Kichwamaji. Kazimoto, kijana wa chuo kikuu, anangoja nje ya ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Mkuu huyo ni Manase, rafiki wa tangu utotoni, aliyesoma naye. Kumbukumbu za shule kwa kawaida husimuliwa kwa uji mwepesi na kengele ya alfajiri, na kila mtu hucheka. Kezilahabi hana kicheko hicho. Anamkalisha msomaji pamoja na Kazimoto, amngojee mtu ambaye jana walikuwa sawa, na kungoja kule kunasema kuhusu wasomi wa baada ya uhuru mambo ambayo hotuba nzima isingeyasema.

Kisha yupo Rukia, dada yake Kazimoto, aliyetiwa mimba na Manase. Kisa chake kinaishia kaburini. Hapa mwandishi anastahili lawama: Rukia anateseka ili Kazimoto apate la kufikiri, na sauti yake mwenyewe haisikiki vya kutosha. Hata hivyo, kumweka tu mbele ya macho ni jambo zito. Waliosoma pamoja wakutanapo uzeeni, huhesabiwa waliohudhuria na huombewa waliokufa. Msichana aliyeondoka shuleni na mimba hatajwi. Tanzania Bara ilimruhusu mama kijana kurudi darasani Novemba 2021 tu, miaka 47 baada ya riwaya hii.

Chuki ya Kazimoto haimzuii kumwoa Sabina, dada yake Manase. Marafiki waliotenganishwa na mlango wa ofisi wanakuwa mashemeji, na kila mmoja anapata mtoto mwenye kichwa kikubwa kisicho cha kawaida.